Tamu Sana, Dada

Kampuni ilikuwa na jina, ilikuwa na nembo ya chungu chenye mvuke, ilikuwa na nambari ya usajili na jiko la kukodi kule Sundbyberg, kando ya Stockholm, lililokaguliwa na kupitishwa na watu wa manispaa. Ilikuwa na gari dogo la kusambazia chakula cha watu kupasha moto kazini. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu, nacho ni mnunuzi. Si kwamba wanunuzi walikuwa wamekataa, la hasha. Hakuna aliyewahi kuuziwa.

Jioni hiyo ya Ijumaa Onésime aliingia nyumbani kwao Hallonbergen, akavua viatu vilivyoloa theluji chafu, akakaa mezani bila kuvua koti. Mkewe Vumilia alikuwa amefungua kompyuta pembeni ya sahani. Binti yao Emmanuella alifunua hotipoti akachungulia: ugali, sombe na ndagala, ndivyo kisamvu na dagaa vinavyoitwa kwao baba yake Kongo, kama jana, kama juzi.

"Är det till oss eller till kunderna?" akauliza.

Alitaka kujua kama hicho ni chakula chao au ni cha wateja. Mtoto wa miaka minane hana nia mbaya, kauliza tu. Lakini Vumilia alihisi uso unamchoma.

"Ni chetu. Kula," alisema.

"Filip amenipigia," Onésime alisema.

Filip alikuwa msimamizi wake kwenye ghala kubwa la mizigo kule Märsta, karibu na uwanja wa ndege. Sheria ya Uswidi humpa mfanyakazi likizo ya miezi sita bila mshahara ili ajaribu biashara yake, na kazi yake humngoja. Ila kwa mwajiri huyo huyo hupewi mara ya pili. Onésime aliichukua likizo yake majani yalipoanza kudondoka, kwa sababu mkewe alimwambia kampuni yao ya chakula itahitaji mtu wa kusambaza. Tangu siku hiyo alikuwa dereva asiye na cha kupeleka. Aliosha gari, akalipangusa theluji, akaliosha tena. Majirani walimwuliza biashara inaendaje, naye akajibu inaenda.

"Anataka jibu Jumatatu. Narudi ao sirudi."

"Jumatatu hii?"

"Kuko Jumatatu gani ingine?"

Vumilia aliifunga kompyuta nusu, hakuifunga yote. "Mwombe wiki mbili. Kuna dodoso moja limebaki. Hatujajua kama watu wanataka kontena ya chakula yenye vyumba viwili au vitatu. Tukikosea hapo, tutajikuta tumeagiza maelfu ya kontena zisizofaa."

"Dodoso la mwisho lilikuwa mbele ya Noeli."

"Lile lilikuwa la bei."

"Na la mbele ya lile?"

"La jina la kampuni." Aliona anavyosikika, akajikaza. "Haraka haraka haina baraka, Baba Ema."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Si nyinyi Watanzania mulisema?" Onésime alimega tonge la ugali, akaliangalia, akalirudisha sahanini. "Sikia, bibi yangu. Nikisema narudi, kampuni imekwisha, sababu hakuna wa kuendesha. Nikisema sirudi, na wewe uko bado unauliza watu maswali, basi tutakula maswali."

Emmanuella aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akachukua sahani yake akaenda nayo chumbani. Siku nyingine Vumilia angemkataza kula kitandani.

Hakuwa mjinga Vumilia, tuelewane. Alikuja Stockholm kusoma, akasoma, akapata kazi ya kudumu ya kuchambua takwimu katika ofisi moja ya bima, na pale ofisini wakubwa hawaamui kitu mpaka yeye aseme takwimu zinasemaje. Taabu ilikuwa hii: katika watu wote aliowaonjesha chakula chake, Wakongo, Watanzania, Warundi, hakuna hata mmoja aliyesema hapana. Wote walipenda. Wote walisema wakianza kuuza, wao watakuwa wa kwanza. Majibu ya namna hiyo yangeletwa ofisini angeyakataa, maana watu wote hawawezi kupenda kitu kimoja. Basi hakuyaamini. Na kwa kuwa hakuyaamini, aliwauliza tena.

*

Jumapili ibada ilifanyika mchana, kwa kuwa asubuhi ukumbi ni wa wenyewe Waswidi. Watu walipotoka kwenye sala walikuta meza imepangwa karibu na birika za kahawa, na nyuma ya meza amesimama Asifiwe, dada yake Onésime. Huyu ndiye mpishi wa kampuni. Mshahara alikuwa bado hajauonja, lakini aproni alikuwa nayo.

Safari hii chakula hakikupakuliwa kutoka kwenye sufuria. Vumilia aliamuru kipakiwe kwenye kontena tangu asubuhi, nusu za vyumba viwili, nusu za vyumba vitatu, ili watu wachague. Mahubiri yakawa marefu, na chakula kikangoja.

"Karibuni, karibuni, ni cha kuonja tu," Vumilia alisema, simu mkononi ya kuandikia majibu.

"Tamu sana, dada," alisema wa kwanza kabla hajafungua kontena.

"Mama Ema, Mungu akuzidishie," alisema wa pili.

Mzee Thomas, mzee wa kanisa aliyeishi Uswidi tangu enzi ambazo Waafrika wa mji huu walijuana wote kwa majina, alipokea kontena yake kwa mikono miwili. "Mkianza kuuza, binti yangu, mimi wa kwanza. Uniandike."

"Nimekuandika mara tatu, mzee."

"Niandike tena."

Kicheko kikapita, na Vumilia akamwandika. Alikuwa ameanza kupata moyo. Pengine Onésime angeona majibu ya leo, akamwomba Filip zile wiki mbili, na baada ya hapo kila kitu kingekuwa wazi.

Watu walipoanza kuvaa makoti, alikwenda jikoni kutupa vikombe. Pipa lilikuwa limejaa karatasi za kufutia mikono juu, nyingi kupita kiasi, kama mtu aliyefunika kitu. Akaziinua. Chini yake kulikuwa na kontena zake. Nyingine zilikuwa zimefunguliwa zikachokolewa kidogo, nyingine hazikuguswa kabisa, ugali na sombe na ndagala vimebinuka na kuchanganyika hata usingeweza kujua kipi kilichowashinda watu. Walizificha kwa adabu. Hakuna aliyetaka amwone mama Ema akiumia.

Alisimama pale na vikombe mkononi. Halafu alitoka mbio mpaka mlangoni, akamkuta Mzee Thomas anafunga skafu.

"Mzee, shikamoo tena. Chakula umekionaje? Niambie tu ukweli. Chumvi? Mafuta?"

"Marahaba. Kitamu sana, binti yangu."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza chote," alisema mzee, akamshika bega kwa upole, akaenda zake kwenye baridi.

Utamwambia nini mtu mzima anayekudanganya kwa kukupenda? Simu ilikuwa bado mkononi, na kwenye simu Mzee Thomas alikuwa ameandikwa ndiyo mara nne.

*

Ndani ya gari, njia nzima mpaka Hallonbergen, harufu ya ndagala ilikuwa pamoja nao. Onésime aliendesha, Asifiwe alikaa nyuma amekumbatia sufuria tupu. Emmanuella alikuwa amebaki kwa rafiki yake, na ilikuwa afadhali.

"Wametupa," Vumilia alisema.

Hakuna aliyeuliza wametupa nini.

"Mi nimeona," Asifiwe akasema mwishowe. "Si leo tu, wifi. Tangu kitambo."

Vumilia aligeuka. "Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungetia mu kompyuta, halafu?" Kisha sauti ya Asifiwe ikashuka. "Na mimi ndiye mpishi. Ulitaka nikuambie watu wanatupa chakula changu?"

Onésime aliingiza gari kwenye maegesho ya jengo lao akazima injini, lakini hakushuka. "Bon," alisema. "Sasa niambie, Mama Ema. Mwaka muzima watu wanasema ndiyo. Mwaka muzima unakataa kuanza. Unaogopa nini? Usiniambie mambo ya vyumba viwili na vitatu."

Vumilia alitaka kumwambia mambo ya vyumba viwili na vitatu. Yalikuwa yamekaa tayari mdomoni. Lakini aliliona tena lile pipa, na maneno mengine yakamtoka.

"Naona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya kusema bei. Kwetu Iringa mtu akija unampakulia, anakula, basi. Sasa mtu ninayemwita dada, tunayesali naye, nimwambie nipe krona themanini? Akikataa, Jumapili nitamsalimiaje?" Alikuwa anaongea na kioo cha mbele. "Kumwomba mtu maoni ni rahisi. Hakuna anayekunyima maoni."

Onésime alishika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari limesimama. Vumilia alimfahamu mumewe: alipokasirika kidogo alipiga kelele, alipokasirika sana alinyamaza. Alinyamaza mpaka vioo vikaanza kuingia ukungu.

"Ingekuwa hesabu ningevumilia," alisema. "Mi nilifikiri ni hesabu. Nilikuwa naambia watu, bibi yangu amesoma, tuache amalize hesabu. Kumbe miezi yangu imekwenda juu ya aibu."

"Baba Ema..."

"Ile likizo haitoki mara mbili, Vumilia."

Alikuwa hamwiti kwa jina lake ila mambo yanapokuwa mabaya. Nyuma Asifiwe aliipangusa sufuria isiyohitaji kupanguswa. Wachuuzi wa kwao Iringa husema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Vumilia alikuwa ameamkia mahesabu, na sasa jua linazama hajafungua duka. Uchungu ukampanda, lakini katikati ya uchungu kulikuwa na hasira, na ile hasira ndiyo iliyomsaidia. Alimkasirikia Mzee Thomas. Aliwakasirikia wote na karatasi zao za kufutia mikono. Kama yule mzee angekuwa amelipa, angetupa? Hata. Angerudi pale mezani na kontena yake akadai. Mtu aliyetoa pesa yake hana adabu ya namna hiyo.

"Kesho nachukua siku ya likizo kazini," alisema. "Wifi, ndagala zipo, sombe ipo. Tunapika asubuhi, saa ya chakula tuko Märsta, pale ghalani. Tunauza."

"Kwa kontena za vyumba viwili ao vitatu?" Onésime aliuliza, na haikuwa utani.

"Zilizopo."

*

Jumatatu walifika Märsta kontena zimejaa gari, zimefungwa kwa mataulo zisipoe, nazo zikapoa vilevile. Onésime aliegesha karibu na mlango wa wafanyakazi, akafungua mlango wa nyuma, kisha akasimama kando mikono mfukoni. Alikuwa amewaandikia wenzake wa zamani kwamba atapita. Hakuandika anapita kufanya nini.

Saa ya chakula mlango ulifunguka wakatoka, Wakongo, Wakenya, Waeritrea, Mswidi mmoja mmoja, wengine na koti begani.

"Onésime, umerudi?"

"Bado. Niko na bibi yangu. Tumeleta chakula."

"Leo kuna sherehe gani?"

Wakacheka, wakalizunguka gari. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Natalie, mwanakwaya wa kanisani kwao, anayefungasha mizigo pale ghalani. Alichukua kontena, akainusa kwa juu, akatabasamu. "Asante sana dada Vumilia, Mungu akubariki," alisema, na huyo, ameshageuka kuelekea mlangoni.

Vumilia aliuona mgongo wake unakwenda. Asifiwe alimtazama, Onésime akatazama chini. Ingekuwa rahisi kumwacha. Kontena moja si kitu, angesema ni ya kuonja, na wa pili naye angesema hivyo hivyo, na wa tatu, mpaka gari liwe tupu na watu wote wawe wamembariki.

"Dada Natalie," alisema. Sauti haikutoka vizuri. Akarudia kwa nguvu kuliko alivyokusudia, na watu wote wakageuka. "Dada Natalie, leo tunauza. Ni krona themanini."

Natalie alisimama. Akaitazama kontena, akamtazama Vumilia, kama mtu aliyeambiwa alipie kiti alichokaribishwa. "Aa," alisema. "Mi nilijua ni ya kuonja." Alirudi hatua kwa hatua akaiweka mahali pale pale alipoitoa, akainyoosha ikae sawa na wenzake. "Mi nina changu huko ndani, dada. Siku nyingine."

"Haina shida."

"Msinione vibaya."

"Hapana, dada. Haina shida."

Ghafla wengi wakakumbuka kwamba nao wana chakula chao ndani. Mmoja akatazama saa. Mwingine akamwuliza Onésime habari za mtoto huku anarudi kinyumenyume. Vumilia alibaki na mkono juu ya mlango wa gari, na alitamani ardhi ya Märsta ipasuke pamoja na barafu yake immeze. Hicho ndicho alichokuwa akikikimbia mwaka mzima, na sasa kilikuwa kimemfika. Alishangaa kidogo kuona bado amesimama.

"Umesema themanini?" Mwanamke mmoja mfupi mwenye fulana ya kung'aa alipenya mbele. Onésime alimjua: Rita, Mkenya, dereva wa gari la kuinulia mizigo. "Kwa ule mkahawa wa huko barabarani ukipewa viazi na mchuzi ni karibu mara mbili. Leta."

Alilipa kwa simu, na simu ya Vumilia ikalia mfukoni. Alikuwa amewaza mengi juu ya siku hiyo ya kwanza. Hakuwa amewaza kwamba angesahau kusema asante. Wanaume wawili waliokuwa nyuma ya Rita wakalipa pia, kisha Mrundi mmoja, kisha kijana wa Kiswidi aliyetaka kujua kama ina karanga. Kisha hakuna tena. Mlango ukafungwa, na ndani ya gari kontena nyingi zikabaki zinawatazama.

"Tano quand même," Asifiwe alisema, kwa maana kwamba si haba.

Walikuwa wanafunga mlango wa gari Rita alipotokea tena. Alitembea kama mtu mwenye shauri, kontena mkononi, uma ndani yake.

"Madam, ni nyinyi mmepika hii?"

"Ni sisi," alisema Vumilia.

"Basi sikia. Hii mboga yako iko sawa kabisa, ningemaliza sufuria. Lakini hii ugali nimeitia kwa maikrowevu, imekuwa mawe. Angalia." Aligonga kwa uma, na kweli ililia. "Na hizi samaki. Nimefungua tu hivi, meza yote imehama. Kijana mmoja ameuliza kama choo kimefurika. Nimebaki pale peke yangu kama mgonjwa wa hospitali."

Asifiwe alifungua mdomo kuutetea upishi wake, Vumilia akamshika mkono. Masikio yalimwaka moto. Lakini alikuwa anasikiliza, lo, alisikiliza kwa mwili mzima. Kwa mwaka mzima alikuwa amewapakulia watu ugali wa moto kutoka kwenye sufuria, halafu akawauliza wanaonaje chakula cha kupasha moto kazini. Na yeye mwenyewe, kila siku ofisini akisimama foleni ya maikrowevu na Waswidi, je, aliwahi kubeba ugali? Aliwahi kubeba ndagala? Alibeba wali. Alijua, na hakuwa amejiuliza.

"Kwa hivyo," Rita alisema, "unirudishie pesa yangu, ama kesho uniletee na wali."

Mkono wa Vumilia ulikuwa umeshakwenda kwenye simu ili aandike. Mazoea ni kitu kibaya. Alikuwa karibu kumwambia asante kwa maoni yako, tutayafanyia kazi. Akaurudisha mkono chini.

"Kesho nakuletea na wali," alisema. "Na maharage badala ya samaki. Hulipi, hiyo ni ya kubadilishana. Keshokutwa utalipa."

"Kama ni nzuri."

"Kama ni nzuri."

Rita alimwachia kontena na ugali wake wa mawe, akaondoka. Alipofika mlangoni alipishana na mwanamume mrefu aliyekuwa anatoka, naye akaja moja kwa moja kwenye gari. Ni Filip. Alisalimia kila mmoja, kisha kwa Kiswidi chake cha taratibu akasema hapa ni eneo la kampuni, kuuza kama sokoni hairuhusiwi. Mtu aliyeagiza chakula chake akiletewa, hilo halimhusu. Leo alikuwa na kazi nyingi, hakuona kitu.

"Na wewe, Onésime," alisema. "Nilisema Jumatatu. Unarudi mwanzo wa mwezi, au niajiri mtu?"

Onésime alimtazama mkewe. Alimtazama kama anavyotazamwa daktari. Vumilia aliyaona yote katika macho hayo: miezi ya kuosha gari, majirani, ile "inaenda" yake ya kila siku. Angesema "usirudi" angemfurahisha, kwa leo. Lakini hakuhitaji kompyuta kujua kwamba mteja mmoja wa kesho hawezi kulisha nyumba, wala wale wengine wanne hawajulikani kama watakanyaga tena. Mwanzo ulikuwa mzuri, lakini ulikuja baada ya wakati wake, na aliyeuchelewesha ni yeye.

"Mwambie unarudi," alisema.

Uso wa Onésime ulianguka. "Umechoka tayari? Siku moja?"

"Rudi, Baba Ema. Anayetoka ni mimi."

Hakuelewa. Filip, asiyejua Kiswahili, alitazama kiatu chake. Vumilia alitoa simu, akampigia mkuu wake wa ofisi ya bima, pale pale, mgongo kwenye gari. Alisema kwa Kiswidi anaomba likizo ya miezi sita ya kufanya biashara yake, mapema iwezekanavyo, na kwamba kuanzia kesho angependa kutumia siku zake za mapumziko alizolimbikiza. Kisha mkuu aliuliza, kwa wema kabisa, kama amelifikiria vizuri jambo hilo.

"Nimelifikiria mwaka mzima," Vumilia alijibu. "Ila leo nimepata mteja."

Mkuu alisema alete maombi kwa maandishi, wataona, hakuahidi kitu. Vumilia alishukuru, akakata simu.

Onésime alimpa Filip jibu lake, wakashikana mikono, Filip akarudi ndani. Asifiwe aliingia garini akajishughulisha na mataulo, maana kuna mambo ya mume na mke ambayo hata wifi huyapisha. Wawili hao wakabaki nje.

"Miezi yako niliichezea," Vumilia alisema. "Ya kwangu nikaiweka kabatini isiharibike. Nisamehe."

"Ile haitarudi."

"Haitarudi."

Vumilia alingoja mumewe aseme haidhuru, kama watu wanavyosema. Onésime alipiga teke bonge la barafu likaserereka chini ya gari la mtu.

"Na gari ataendesha nani?"

"Mimi."

"Mu hii barafu?"

"Katika barafu hii hii."

Onésime alitikisa kichwa. Alitazama ule mlango wa ghala aliodhani ameuaga. "Bon. Nikianza tena mule ndani, saa ya chakula nitatoka hapa inje kununua."

"Wewe ni mume wangu. Utakula bure."

"Sitaki ya bure. Nitalipa kama Rita. Ikiwa mbaya, nataka nikuambie."

"Basi ni themanini," alisema Vumilia.

"Iko ghali," alisema Onésime, na kwa mara ya kwanza tangu jana akamtazama usoni.